Uzito wa Majani

Ng'ombe wa Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, haendi malishoni. Malisho ndiyo yanayomwendea. Anazaliwa bandani, anakulia bandani, anazaa na kuzeeka humo humo, na kila anachokula kimefika mbele yake kwa kubebwa na mtu. Mgeni anayepanda kutoka Moshi mjini kuelekea Kirima au Okaoni anaweza kupita kati ya migomba na mibuni mwendo mrefu asione ng'ombe hata mmoja, akadhani hapa hawafugi. Wapo. Wako nyuma ya nyumba, chini ya bati, pua juu ya hori, wanasikiliza miguu ya mtu njiani.

Desturi hii ni ya kale, na ilianza kwa akili. Kihamba, shamba la nyumbani la Mchagga, ni kidogo na kila hatua yake ina kazi: migomba juu, kahawa chini ya migomba, magimbi na maharage chini ya kahawa. Ng'ombe akiachiwa humo atakula chakula cha watoto. Zamani palikuwa na sababu nyingine pia. Enzi za Mangi Sina, aliyetawala Kibosho hadi alipofariki mwaka 1897, ng'ombe alikuwa utajiri na chanzo cha vita, na mali inayotembea nje ni rahisi kuswagwa na adui. Basi Mchagga akamfunga ng'ombe wake ndani, karibu na anapolala. Samadi akairudisha kwenye migomba. Mgomba ukatoa ndizi. Ndizi zikishavunwa, kigogo kikakatwakatwa na kurudi kwa ng'ombe. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu, kwa jirani zetu wa Uru, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Ni heshima tuliyostahili.

Ila mzunguko huo unaposimuliwa, kuna mahali panaporukwa. Kigogo cha mgomba hakimtoshi ng'ombe. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake ni maji. Kinajaza tumbo na kukata kiu, lakini maziwa hakileti. Maziwa yanatoka kwenye majani, na majani yanatoka mbali, juu ya kichwa cha mwanamke.

Kwa vizazi vingi jambo hili halikuhesabiwa kuwa kazi. Lilikuwa sehemu ya asubuhi, au ya jioni. Mama anatoka na mundu na kamba, anarudi na mzigo uliofunika uso wake wote, njia anaijua kwa nyayo. Majani anayakata kando ya mifongo, mifereji yetu ya maji, kwenye kingo za barabara, kwenye shamba la jirani aliyemruhusu, na juu kabisa kwenye ukanda wa msitu wa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wenyeji wapate kuni na majani pasipo kuingia msitu mkubwa. Tangu msitu wa hifadhi uingizwe ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, mipaka imekazwa. Sababu zake nazielewa na naziunga mkono: mlima ukikosa msitu, mito ya Weruweru na Karanga itakosa maji, na sisi pamoja na Moshi mjini tutalia kilio kimoja. Lakini ng'ombe hajui mpaka. Saa yake ya kula ikifika analia, na mtu lazima aende mahali.

Tuupime basi mzigo huo. Majani mabichi yaliyokatwa asubuhi yana maji kiasi cha robo tatu hadi sehemu nne kati ya tano za uzito wake. Mwanamke aliyebeba kilo 30 amebeba kati ya kilo 22 na 24 za maji, na chakula chenyewe hakizidi kilo 8. Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 anahitaji takribani kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Kwa majani mabichi matupu, hiyo ni karibu mizigo miwili kwa siku, kila siku, Jumapili na sikukuu, mama akiwa mzima au ana homa, mjamzito au amejifungua juzi. Na maji hayo yote anayapandisha kwenye mlima ambao neema yake kubwa ni maji. Mifongo inapita nyuma ya nyumba yake, na yeye anapanda na ndoo mbili za maji yaliyojificha ndani ya majani.

Kutengeneza hei ni kuliachia jua sehemu hiyo ya mzigo. Robota la kilo 15 la majani yaliyokauka vizuri lina chakula cha zaidi ya kilo 50 za majani mabichi. Jua limekwisha kuondoa kilichobaki, tena bila malipo, kule kule shambani, kabla mtu hajainama kubeba. Ninapolitazama robota lililofungwa kwa kamba mbili, likiwa na pembe zake nne, naona kilo zaidi ya 35 ambazo shingo ya mtu fulani haitazibeba. Sijui zana nyingine ya kilimo inayoonyesha faida yake waziwazi kiasi hicho.

* * *

Shida ni kwamba jua hilo halipo kwetu linapohitajika. Kati ya Juni na Agosti ukungu unashuka kutoka msituni, unalala juu ya migomba hadi mchana, na manyunyu yanaanguka siku nzima pasipo mtu kuyaita mvua. Ukianika majani Kibosho Mashariki mwezi Julai, utaanua uozo. Wakati huo huo, chini tambarare, upande wa Hai na kuelekea Sanya Juu, masika yameondoka, upepo unavuma, na majani yaliyorefuka kwa mvua ya Machi na Aprili yanaanza kutoa maua. Ng'ombe wako juu na hei iko chini. Kati yao pana mteremko ambao kila kitu lazima kiupande.

Mchagga amezoea kuishi pande hizo mbili. Kihamba kiko mlimani, shamba la mahindi liko chini, kule tunakokuita porini ingawa pori lenyewe liliisha siku nyingi. Baada ya mavuno, barabara ya Kibosho hujaa pikapu na kenta zilizosheheni mabua hadi magurudumu hayaonekani. Tangu skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ikamilike mwaka 1987 kwa ushirikiano na Japani, mabua ya mpunga nayo yameingia kwenye safari hiyo. Tumeokoa ng'ombe wengi kwa mabua. Lakini bua ni kile kilichobaki baada ya mmea kumaliza kazi yake. Nguvu zote zimekwenda kwenye punje. Protini yake ni asilimia 3 hadi 5 hivi. Majani ya malisho ya Rhodes yakikatwa yanapoanza tu kuchanua hufika asilimia 8 hadi 10. Hapo ndipo ilipo tofauti ya ng'ombe anayevuka kiangazi akiwa hai tu na anayekivuka akikamuliwa.

Majani hayamngojei mtu. Kuchelewa kwa wiki mbili au tatu kunageuza shina kuwa kijiti. Kuwahi sana kunakupa majani laini ila machache. Yakishakatwa, hesabu nyingine inaanza. Unataka unyevu ushuke hadi asilimia 15 hivi. Ukifunga robota likiwa bado na unyevu wa zaidi ya asilimia 20, litapata joto ndani kwa ndani, litaota ukungu mweupe unaoumiza mapafu ya mtu na ng'ombe, na rundo kubwa linaweza kuwaka moto lenyewe pasipo mtu kuligusa. Ukiyaacha yakauke kupita kiasi, majani membamba yenye protini yanavunjika na kubaki shambani, nawe unafunga vijiti. Akiba haiozi, tunasema. Hei ni akiba inayooza kwa asiyekuwa na subira, na inayopukutika kwa asiyekuwa na haraka. Mkulima anasokota tita la majani mikononi, anakwaruza shina kwa kucha aone kama linatoa majimaji, anatazama wingu lililo juu ya Kibo, ndipo anaamua.

* * *

Nilikwenda kutazama kazi hii kwenye tambarare za Hai, upande wa chini wa barabara kuu ya Arusha. Trekta lilikuwa Massey Ferguson 135, jekundu lililopauka na kuwa rangi ya udongo wa Kibosho. Matrekta ya aina hiyo yalianza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwaka 1964, mwaka ule ule Tanganyika na Zanzibar zilipoungana, na utengenezaji wake huko ulikoma mwaka 1975. Injini yake ni ya dizeli yenye silinda tatu, nguvu zake ni za farasi 45 hivi. Kiwanda chenyewe kilishafungwa. Trekta linaendelea kulima na kuvuta.

Kwanza hupita kisu cha kukatia, fito ndefu ya chuma yenye meno, kinachokwenda huku na huku karibu na ardhi. Majani yanasimama kidogo baada ya kukatwa, halafu yanalala yote upande mmoja. Siku inayofuata inakuja reki ya magurudumu ya miiba, inayageuza na kuyakusanya kuwa mistari mirefu. Siku jua likisema ndiyo, inakuja mashine ya kufunga. Hii ndiyo niliyoifuata.

Fundi anayeiendesha ni mzee wa huku kwetu mlimani aliyeteremkia tambarare ujanani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Simama upande huu. Mashine haijui mgeni."

Nikasimama aliponionyesha. Meno ya mbele yanachota majani kutoka kwenye mstari na kuyaingiza kwenye chumba cha chuma. Humo ndani kichwa kizito kinakwenda na kurudi zaidi ya mara 60 kwa dakika, kila pigo linasukuma tonge jipya la majani lishikamane na lililotangulia. Gurudumu dogo lenye meno linazunguka taratibu kadiri robota linavyorefuka, nalo ndilo linalopima. Urefu ukitimia, sindano mbili kubwa zilizopinda zinapanda kutoka chini, zinavusha kamba juu, na pale juu kwenye kila kamba kuna mdomo mdogo wa chuma. Mdomo huo unazunguka mara moja tu. Katika mzunguko huo unajizungushia kamba, unafunguka, unauma ncha mbili kwa pamoja, kisu kinakata, mkono mwingine unavua kitanzi, na fundo limekaza. Unafanya hivyo kwa uhakika wa mama anayefunga pesa kwenye pindo la kanga, haangalii, na halifunguki hadi atakapotaka mwenyewe.

Mdomo huo wa kufunga fundo una asili yake. John Appleby wa Marekani aliubuni katika karne ya 19 kwa ajili ya mashine za kufunga miganda ya ngano. Edwin Nolt, mkulima na fundi wa Pennsylvania, akatengeneza mwishoni mwa miaka ya 1930 mashine inayotembea shambani, inayookota majani na kuyafunga yenyewe, na kampuni ya New Holland ikaanza kuiuza kwa wingi mwaka 1940. Tangu hapo umbo halijabadilika sana. Robota linalotoka ni la upana wa sentimita 46 na kimo cha sentimita 36 hivi, urefu unauchagua mwenyewe.

Kazi ilisimama mara mbili nikiwa pale kwa sababu fundo la upande mmoja lilikataa. Mzee alishuka, akafuta vumbi kwa kitambaa, akazungusha mashine kwa mkono polepole akitazama kila kiungo kinapofikia zamu yake. Hakuna kilichofichwa. Kila kinachotembea kinaonekana kikitembea. Nikamuuliza kwa nini wenye shamba hawatafuti mashine mpya.

"Mpya ikikataa," alisema, "nitamwita nani? Hii ikikataa naiuliza yenyewe."

Jibu hilo nimelifikiria sana. Tumezoea kuuona uzee wa mashine zetu kuwa alama ya umaskini, na ni kweli kwamba wengi wetu tunanunua mtumba kwa kuwa kipya hakifikiki. Lakini kuna mashine zilizobaki kwa sababu nyingine. Zilitengenezwa wakati ambapo mtengenezaji aliamini kwamba mkulima atazifungua mwenyewe. Spea ya Massey 135 unaipata mjini, na isipopatikana, fundi wa kuchomelea anaweza kuichonga. Ujuzi wake unapita kutoka mkono hadi mkono pasipo kitabu. Kijana aliyekuwa akipanga marobota kwenye tela alikuwa akimtazama mzee kwa jicho la pembeni kila aliposhuka, na najua alichokuwa akifanya. Alikuwa akisoma.

* * *

Kamba nayo ina hadithi ambayo kila Mtanzania anayefunga robota anastahili kuijua, kwa maana inatuhusu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai pwani yetu ya Tanga ilikuwa 62 tu. Kutoka kwenye miche hiyo mashamba yakaenea Pangani, Korogwe, na kando ya reli iliyofika Moshi mwaka 1911. Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa wa katani kuliko nchi zote duniani. Kufikia mwaka 1964 mavuno yalizidi tani 200,000 kwa mwaka.

Zilikuwa zinakwenda wapi tani zote hizo? Sehemu kubwa ilisokotwa kuwa kamba za kufungia mazao na hei katika mashamba ya Ulaya na Marekani. Mkulima wa Pennsylvania au wa Uingereza aliyefunga marobota yake baada ya Vita ya Pili ya Dunia huenda aliyafunga kwa nyuzi zilizokatwa na kibarua Tanga, aliyetoka kwao Kigoma au Songea au ng'ambo ya Ruvuma kwa mkataba na akalala kambini. Ng'ombe wao walivuka majira ya theluji kwa jasho hilo. Kisha mambo mawili yakatokea kwa mfululizo. Kamba za plastiki zikaingia sokoni kwa bei ndogo. Na mwaka 1971 Gary Vermeer wa Iowa akatoa mashine ya kufunga hei kwa duara kubwa, robota moja likichukua nafasi ya madogo mengi na kamba ikitumika kidogo. Mashamba ya mkonge, ambayo Azimio la Arusha la 1967 liliyaingiza mengi mikononi mwa umma, yakaanguka pamoja na soko lake. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilizalisha chini ya tani 30,000 kwa mwaka.

Naieleza habari hii kwa sababu ndani yake mna haki iliyochelewa. Kwa miaka mingi nchi yetu iliifungia dunia hei yake, ilhali mama wa Kibosho alikuwa akibeba majani mabichi kichwani. Kamba ilipita chini ya mlima huu kwenda bandarini, na hakuna aliyefikiri kuisimamisha njiani. Leo ikiwa nitachagua, nitachagua robota letu lifungwe kwa katani. Plastiki ikikatikia ndani ya hori, ng'ombe anaimeza, inajikusanya tumboni na inaweza kumuua. Katani ikianguka kwenye samadi inaoza na kurudi kwenye mgomba.

* * *

Wakulima wa nchi zenye mashamba mapana waliliacha robota dogo kwa sababu nzuri kwao. Mtu mmoja kwenye trekta anafanya kazi ya kumi, na robota la duara la kilo 300 linanyanyuliwa kwa mitambo kuanzia shambani hadi zizini. Kwao mtu ndiye ghali. Lakini nimejaribu kuliwazia robota hilo likifika Umbwe, hapa kwetu Kibosho. Gari litaishia barabarani. Kutoka hapo kuna kijia chenye upana wa mabega, ua wa masale pande zote mbili, mfongo wa kuruka, daraja la magogo mawili, na mteremko unaoteleza. Robota hilo haliwezi kufika kwa ng'ombe. Litafumuliwa barabarani na kugeuka mzigo wa kichwani ule ule tuliotaka kuukimbia.

Robota dogo linafika. Bodaboda inabeba mawili. Mkokoteni unabeba sita. Mama wa miaka 60 analiinua, analiegemeza kwenye nyonga, anavuka mfongo. Mtoto wa darasa la sita analivuta kwa kamba yake hadi bandani. Hii ndiyo hoja ninayotaka kuitetea: udogo wa robota hili ni kipimo kilichochukuliwa kwenye mwili wa mtu. Kila chombo kina mwili kilioukusudia, na vyombo vingi vinavyoletwa kwetu kwa jina la maendeleo vilikusudia trekta, au barabara pana, au shamba lisilo na mwisho. Hiki kilimkusudia mtu mwenye mikono miwili na mgongo mmoja. Kwa hiyo hakijazeeka. Kimezeeka kule ambako mtu ameondoka shambani. Kwetu mtu bado yupo.

Tena kipimo hicho kinarahisisha hesabu. Ng'ombe mmoja anayekula hei tupu anamaliza robota la kilo 15 kwa siku moja, kasoro kidogo. Ukimchanganyia kigogo cha mgomba na majani ya tembo kutoka ukingoni mwa kihamba, robota moja linakwenda siku mbili. Kuanzia Julai mpaka mvua za vuli zishike mwezi Novemba ni siku 120 na zaidi. Basi marobota 60, yakipangwa juu ya magogo yasiguse ardhi, chini ya bati lisilovuja, yanamvusha ng'ombe mmoja. Mama anaweza kuyahesabu kwa macho akiwa amesimama mlangoni, akajua amebakiwa na siku ngapi. Mzigo wa majani mabichi haukumpa kamwe uwezo huo. Kila siku ilianza na sifuri.

Na kwa asiyeifikia mashine yenye injini, lipo kasha. Wataalamu wa mifugo wa Kenya na Tanzania wamelifundisha kwa miaka mingi: sanduku la mbao lililo wazi juu na chini, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Unatandika kamba mbili ndani, unajaza majani makavu, unapanda juu na kuyakanyaga, unaongeza na kukanyaga tena mpaka lijae, unafunga, unalisukuma nje. Linatoka robota la kilo 20 hivi. Seremala wa kijijini analitengeneza kwa siku moja. Kazi yake ni ile ile ya chumba cha chuma cha New Holland, ila pigo ni la nyayo za mtu. Watu wawili waliozoeana hufunga mengi kwa siku, mmoja akikanyaga, mwingine akileta.

* * *

Kuna jambo lililobadilika kimya kimya majani yalipoanza kufungwa kwa robota, nalo ndilo linalonigusa zaidi. Yalipata bei. Mzigo aliobeba mama haukuwa na bei, na kitu kisicho na bei nyumbani kwetu hakikuonekana. Mwenye nyumba alisema "ng'ombe wangu amekula" pasipo kuuliza amekula mikono ya nani. Siku familia ilipokaa kujadili marobota 60 yatagharimu kiasi gani, ndipo kwa mara ya kwanza iliona kazi iliyokuwa ikifanywa bure miaka yote. Namfahamu mama mmoja wa Kirima aliyeambiwa na mumewe kwamba hei ni ghali mno. Alimjibu kwa utulivu, "Baba, ghali ilikuwepo. Ulikuwa huilipi wewe."

Hata hivyo bei ina makali pande mbili. Mwenye ng'ombe watatu na mtoto anayemtumia pesa kutoka Dar es Salaam atanunua hei ya Juni kwa bei ya Juni. Mjane mwenye ndama mmoja, aliyempata kwa utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, atanunua robota moja moja mwezi Oktoba, bei ikiwa imepanda, au atarudi njiani na mundu wake. Tukiiacha hei iwe biashara ya wenye nafasi peke yao, mzigo hautakuwa umeondoka Kibosho. Utakuwa umehamia kwenye shingo za maskini tu.

Jibu lake si geni kwetu. Mkulima mmoja mwenye magunia mawili ya kahawa hakuwa na sauti sokoni, wazee wetu wakaunda chama mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, ushirika uliojenga shule na kuwapeleka vijana wa mlima huu vyuo vikuu. Mwaka 1988 wanawake wa Nronga, upande wa Machame, waliunda ushirika wao wa maziwa, wakaamua pesa ya maziwa ipite mikononi mwao wenyewe. Kahawa hulipa kwa msimu. Maziwa yanalipa kila siku, na kaya nyingi za Kibosho leo zinalipia daftari na dawa kwa maziwa. Lakini tumeushirikisha mwisho wa kazi tukauacha mwanzo wake. Tunapeleka maziwa pamoja, kila mmoja anatafuta majani peke yake.

Kaya 100 zenye ng'ombe mmoja mmoja zinahitaji marobota 6,000 kwa kiangazi. Hiyo ni kazi ambayo trekta moja la zamani na mashine moja ya kufunga, kwenye shamba la kukodi kule tambarare, zinaweza kuimaliza ndani ya msimu mmoja wa jua, zikiwa na fundi anayezijua. Mashine hizo zipo, nyingine zimelala kwenye nyasi zikiota kutu kwa kukosa mdomo mmoja wa chuma. Mafundi wapo, ingawa wanazeeka, na vijana wa kukaa karibu nao wapo. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo kilichoanzishwa Arusha mwaka 1981, kiko umbali wa asubuhi moja kwa basi. Ghala tunazo, za kahawa nyingi zimebaki nusu tupu. Mkonge unarudi Tanga. Kinachokosekana ni kukaa kikao, kuchanga, kuchagua mweka hazina tunayemwamini, na kununua majani ya kiangazi mapema, masika yanapokwisha, kwa bei moja kwa mwenye ng'ombe watatu na kwa mjane.

Mlima huu uliwahi kujipanga kwa ajili ya zao la kunywewa ng'ambo, ukafanikiwa. Unaweza kujipanga kwa ajili ya shingo za mama zake, na kwa mabinti wanaosimama leo Kibosho wakitazama mundu ukutani na kujiuliza kama utakuwa wao. Sitaki uwe wao. Nataka wajue kuhesabu marobota, kuzungusha mashine kwa mkono na kuiuliza inaumwa wapi, na kupanda mlimani wakiwa wamebeba chakula tu, maji wameyaachia jua.